Nyundo ya Kumwamshia Jenereta

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Lililo kwenye kitambulisho limenakiliwa ndani ya jalada. Kazini na mtaani anaitwa Mama Stoo.
Umri: Miaka 47
Kazi: Mtunza stoo, kiwanda cha mabomba ya zege
Makazi: Nyumba za nyuma ya kiwanda, mlango wa tatu
Uhusiano na mtuhumiwa: Dada yake, baba mmoja mama mmoja
Kuanza kuandikwa: Alhamisi, tarehe 13 mwezi huu, saa 3:10 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa, na nimekubali. Ila onyo hilo hilo apewe na msimamizi wetu wa zamu, kwa sababu maelezo yake nimesomewa asubuhi hii na nimeyasikiliza nikiuma meno. Afande amesema hilo haliandikwi. Nimemwomba aliandike.

Kabla ya yote iandikwe kwamba nimekuja na boksi. Liko hapa juu ya meza. Ndani yake mna mashine ya kupumulia ya mdogo wangu, ambaye yuko mahabusu ya kituo hiki tangu Jumanne. Nililileta jana saa 10 jioni, nikaambiwa pale kaunta kwamba vitu vya umeme haviingii mahabusu, na askari mmoja akaniuliza kama ni mashine ya kufyonza vumbi. Nikarudi nalo nyumbani. Leo sirudi nalo.

Kazi yangu ni stoo. Nimekaa miaka kumi na tisa nyuma ya dirisha lenye nondo, natoa glavu, mabuti, helmeti, brashi za waya na sabuni, na kila kinachotoka kinaandikwa: tarehe, kitu, idadi, kazi yake, aliyechukua, sahihi. Kwangu hata msumari hautoki bila sahihi. Wenzangu wananicheka, wanasema ukitaka kupiga chafya mbele ya Mama Stoo lazima utie sahihi kwanza. Wacheke tu. Daftari hilo afande analo mbele yake, na kurasa za kusoma nimezibandika vipande vya karatasi. Kila mwisho wa mwezi msimamizi wa zamu hulikagua, na hutia sahihi yake chini kwa kalamu nyekundu. Hapo naomba papigwe mstari.

Mtuhumiwa ni kitinda mimba wetu. Ana miaka 39, mke na watoto watatu. Nimembeba mgongoni mimi, kwa hiyo nikisema namjua, namjua. Ni dereva wa kreni ya juu. Kreni yenyewe inatembea kwenye reli chini ya paa la karakana, inabeba mabomba ya zege kutoka kwenye kalibu yanamomiminwa kwenda kukaushiwa, na dereva anakaa juu kabisa kwenye kibanda cha vioo, anapanda kwa ngazi ya chuma. Kazini hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Jenereta, kwa sababu ya kukoroma. Nyumbani tulimwita hivyo kabla yao.

Sasa nyundo. Miaka miwili iliyopita kreni ilianza kusimama katikati ya safari, bomba linaning'inia, watu wanangoja. Mwongozaji wake wa chini, yule anayempa ishara za mikono apandishe au ashushe, tunamwita Trafiki kwa jinsi anavyopunga. Trafiki ndiye aliyegundua kuwa jamaa amesinzia huko juu. Akachukua spana, akaipiga nguzo ya reli mara mbili. Chuma kikatetemeka mpaka kibandani, Jenereta akashtuka, kazi ikaendelea. Karakana nzima ikacheka. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na haikupita wiki ukawa ni utaratibu wa kazi kama taratibu nyingine. Kreni ikisimama, Trafiki anagonga mara mbili, kreni inatembea.

Baadaye spana ikaonekana ndogo. Trafiki alikuja dirishani kwangu akaomba nyundo. Nikamuuliza ya kazi gani, akaniambia. Niliandika kama alivyosema, na naisoma kama ilivyo kwenye ukurasa wa 31: "Nyundo ya kilo moja, 1. Kazi: kumwamshia Jenereta." Niliandika huku nacheka. Tangu siku ile nyundo hiyo hutoka asubuhi na kurudi jioni, na ina msumari wake, kulia kwa dirisha.

Hapo naomba paandikwe taratibu. Zamu yetu ina watu kama arobaini na wote walijua. Msimamizi wetu, tunayemwita Chapchap kwa kuwa ndiyo salamu yake asubuhi na ndiyo kwaheri yake jioni, alijua, maana ametia sahihi nyekundu chini ya nyundo hiyo mara ishirini na tatu. Nimezihesabu jana. Na mimi niliyemzidi huyo mtoto miaka minane nilijua. Tuliona tunamsitiri. Tulisema habari zikifika ofisini atafukuzwa, basi tumgongee tu. Nina hasira na watu wote arobaini, na anayeongoza orodha ni mimi.

Afande ameniambia hasira si ushahidi. Nimemwambia basi aandike kwamba shahidi amepiga meza kwa kiganja, maana hilo ameliona mwenyewe.

Nimeulizwa kama mtuhumiwa ni mlevi. Hapana. Pombe aliacha mtoto wake wa kwanza alipozaliwa. Nimeulizwa kama ni mvivu. Mtu mvivu halali kwa saa nane akaamka kachoka kuliko alivyolala. Asubuhi kichwa kinamgonga mpaka saa tatu. Usiku anaamka mara nne, mara tano kwenda haja ndogo. Alianza kusahau vitu: funguo, siku ya ada, mara moja alisahau kumchukua binti yake shuleni, na alipokumbushwa akalia. Alikuwa mpole, akawa mtu wa kufoka. Wifi yangu akadhani kuna mwanamke mwingine. Alinijia na shutuma hizo jikoni kwangu, nami nikamwambia mwanamke gani atakayemvumilia mwanamume anayesinzia na kijiko mdomoni. Tukacheka pale pia. Sisi tumecheka sana katika jambo hili.

Miezi mitatu iliyopita, Jumapili mchana, baada ya chakula, mtuhumiwa alilala kwenye kochi sebuleni kwake. Wifi yangu akamrekodi kwa simu, sauti na picha, akaituma kwenye kundi la familia. Video ni ya dakika nne. Anakoroma mpaka vikombe kwenye kabati vinalia. Wote tulijibu kwa vicheko, mimi nilituma vikatuni vitatu vya kucheka machozi. Video hiyo ninayo, na nimeomba ipokelewe kama kielelezo. Nitaeleza kwa nini.

Mnamo tarehe 19, miezi miwili iliyopita, saa 8:15 mchana, kreni ilisimama na bomba juu. Trafiki akagonga mara mbili. Kimya. Akagonga tena mbili. Akagonga mpaka watu wakaacha kazi wakawa wanatazama juu. Kreni ilipotembea hakuna aliyecheka. Mtuhumiwa alishuka, akaja moja kwa moja dirishani kwangu, akashika nondo kwa mikono yote miwili. Aliniambia: "Dada, mimi nitaua mtu."

Kesho yake nilimpeleka hospitali mwenyewe. Daktari ni mwanamke, mfupi, hana maneno mengi. Alimpima shingo kwa utepe, akamtazama kooni, akampima presha, ikawa juu. Akauliza nani anayelala naye chumba kimoja. Nikasema mkewe, ila tunayo video, nikaitoa huku tayari nimeanza kutabasamu. Daktari hakutabasamu. Alisikiliza, na koromo lilipokatika akainua mkono tunyamaze, akatazama saa ya ukutani. Ndipo na mimi kwa mara ya kwanza nikausikia ule ukimya. Sekunde arobaini na moja. Kwenye picha kifua chake kinapanda na kushuka, kinahangaika, na hewa haiingii. Halafu anavuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyetolewa majini, na koromo linaanza upya. Ndani ya dakika nne inatokea mara tatu. Watu kumi na sita wa familia yetu tuliitazama na hakuna aliyeuona ukimya ule, tulikuwa tunangoja kelele irudi tucheke.

Daktari alitueleza, nami naeleza kama nilivyoelewa. Mtu huyu usingizi ukimkolea, nyama za koo zinalegea, ulimi unarudi nyuma na njia ya hewa inaziba. Hewa mwilini inapungua. Ubongo unaona anakufa, unamshtua, anaamka nusu bila kujijua, anavuta pumzi, anarudi kulala, na koo linaziba tena. Akampa kifaa akalale nacho nyumbani: mkanda kifuani, kimrija puani, na kibanio kidoleni cha kusoma hewa iliyo kwenye damu. Majibu yalisema pumzi inakatika mara hamsini na mbili kwa saa moja. Kila saa. Mdogo wangu ni mtu anayegongewa mlango kila dakika usiku kucha, halafu asubuhi tunamwambia apande juu akabebe tani tatu za zege juu ya vichwa vya watu.

Nikamuuliza daktari kama ugonjwa huu unaua. Akasema unachosha moyo, unapandisha presha, unaleta kiharusi, na wengine huondoka usingizini. Baba yetu alikoroma hivyo hivyo. Alikufa usingizini akiwa na miaka hamsini na mbili, na msibani kila mtu alitupa mkono akisema mzee amepata kifo chepesi. Nilimwambia daktari. Alisema hawezi kumsemea mtu ambaye hakumpima. Mimi nilimjua baba yangu, na nasema hakikuwa chepesi.

Tiba ipo. Hili ndilo linalonichemsha damu zaidi, kwamba tiba ipo na si ya ajabu. Apunguze uzito, alale kwa ubavu, asiguse pombe wala vidonge vya usingizi kwa sababu vinalegeza koo zaidi. Na kubwa kuliko yote ni mashine hii iliyo kwenye boksi. Inavuta hewa ya kawaida ya chumbani, inaipitisha kwenye mpira, inaisukuma puani kupitia barakoa, na hewa hiyo inaliweka koo wazi. Haina dawa ndani wala gesi. Hospitali inaziazimisha lakini ni chache, na tulipangwa kwenye foleni ya wiki tano. Daktari akaandika barua kwamba mpaka apate mashine na apimwe tena, asiendeshe chombo chochote na asifanye kazi ya juu. Alisema afanye kazi za chini. Hakusema afukuzwe.

Mnamo tarehe 8 mwezi uliopita, saa 1:40 asubuhi, nilimkabidhi Chapchap barua hiyo, mkono kwa mkono, dirishani kwangu. Mdogo wangu alikuwepo. Chapchap aliisoma amesimama. Akacheka, akasema kama kukoroma ni ugonjwa basi yeye na mkewe walazwe wodi moja. Nikamwambia bosi, hii si ya utani, soma chini pale. Akasema kuna mabomba mia mbili ya kutoa, na dereva mwenye cheti zamu hii ni mmoja. Kisha akamgeukia mdogo wangu na kumwambia hivi, na maneno haya ndiyo yenyewe: "Trafiki si yupo? Basi dawa unayo. Ukishuka kwenye kreni, shuka mpaka nyumbani." Akaikunja barua akaitia mfuko wa shati. Akasema ataipeleka ofisini.

Mdogo wangu aliniangalia mimi. Nilitakiwa niseme kitu. Mimi nilichofanya ni kumsogezea Chapchap daftari atie sahihi, kwa sababu kwangu hakuna kinachotoka bila sahihi. Alitia bila hata kutazama. Iko ukurasa wa 84, katikati ya glavu jozi kumi na mabuti namba nane: "Barua ya daktari kuhusu Jenereta, 1." Halafu mdogo wangu akapanda ngazi, na mimi nikampa Trafiki nyundo. Na kesho yake nikampa. Wiki tano nzima nimempa.

Leo nimesomewa kwamba Chapchap ameandikisha kituoni hapa kuwa hakuwahi kuarifiwa kuhusu ugonjwa wowote, na kwamba mtuhumiwa ana tabia ya kuja kazini amelewa. Naomba afande afungue ukurasa wa 84. Amefungua. Ameniuliza kama sahihi hiyo ni ya msimamizi. Nimemwambia ailinganishe na zile nyekundu ishirini na tatu.

Sasa siku yenyewe. Mnamo tarehe 11 mwezi huu, Jumanne, nilifungua stoo saa 1:00 asubuhi. Saa 1:10 Chapchap alimtoa Trafiki akampeleka geti la kupakilia, kwa kuwa malori yalikuwa matatu na aliyekuwa huko anaumwa. Mahali pa Trafiki akamweka mwongozaji wa uwanja wa nje. Huyo ni mtu makini na ishara za mikono anazijua barabara. Ila hajawahi kufanya kazi na Jenereta, na mambo ya nyundo hayapo kwenye kitabu chochote cha mafunzo. Alikuja dirishani saa 1:20, akachukua kizibao cha kung'aa, filimbi na glavu, akatia sahihi, akaondoka.

Nyundo ilibaki kwenye msumari. Niliiona. Foleni ilikuwa ndefu, watu wanataka mabuti, kuna mmoja ananigombeza kwamba nimempa ya mguu mmoja. Nikajiambia Trafiki atakuja kuichukua, au yule mwingine atairudia. Nilikuwa naiona kila nilipogeuza shingo, kwa muda wa saa tatu na zaidi. Sikutoka kwenda kuuliza. Afande, hilo liandikwe kama nilivyolisema, usilipunguze.

Saa 4:40 asubuhi nilisikia filimbi. Ikapigwa tena, ndefu. Halafu nikasikia mtu analia, si kupiga kelele, kulia. Nilichungulia nondoni. Kreni ilikuwa imesimama upande wa kukaushia na bomba lilikuwa limeshuka pasipotakiwa. Mfunga minyororo wetu, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, alikuwa chini yake, mguu wa kulia. Alikuwa ameingia kuweka kabari ya kuzuia bomba lisiviringike, kama kazi inavyotaka. Mwongozaji anapunga mikono yote miwili kuelekea juu, apandishe, apandishe. Kule kibandani kichwa cha mdogo wangu kimelalia kioo, na mkono umelalia kishikio cha kushushia.

Niliitoa nyundo msumarini. Nimekaa stoo miaka kumi na tisa na hiyo ndiyo mara ya kwanza kitu kutoka bila kuandikwa. Nilikimbia mpaka kwenye nguzo nikagonga mara mbili. Kichwa kikainuka. Alitazama chini, akaona, akavuta kishikio, bomba likapanda, wenzetu wakamtoa mzee wa watu. Yote hayo, tangu filimbi mpaka bomba kupanda, haikufika dakika mbili. Siku hiyo nilijua kwamba ile nyundo ilikuwa inafanya kazi vizuri sana, na ndiyo maana hatukumtibu.

Chapchap alifika watu wameshajaa. Hakuuliza majeruhi anaendeleaje. Alisema kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba huyu amelewa, mtazameni macho. Mdogo wangu alikuwa ameshuka, macho mekundu, anayumba, hajui ametoka wapi. Polisi walifika saa 5:30. Walimpulizisha kile kifaa cha pombe mbele yangu na kikasoma sifuri, ila kwenye karatasi nimesomewa kwamba "alionekana kuwa na dalili za ulevi". Afande amesema aliyeandika si yeye. Nimemwambia mimi sikusema ni yeye, nimesema kifaa kilisoma sifuri.

Jana tarehe 12, saa 4 asubuhi, nilikwenda wodini kumwona mfunga minyororo. Mguu umevunjika mara mbili, chini ya goti. Madaktari wanasema utapona ila hatabeba minyororo tena. Sisemi hapa kwamba mguu huo haukuvunjika, wala kwamba aliyekuwa kibandani ni mtu mwingine. Nilikwenda nimejiandaa kutukanwa. Mkewe alinipa kiti. Yeye mwenyewe akaniambia jambo ambalo sijaacha kulisikia. Alisema: "Mama Stoo, mimi nilikuwa nasikiliza nyundo. Sikuisikia, nikajua yuko macho."

Nilipotoka wodini simu ikaita. Ni hospitali hiyo hiyo, jengo la pili, kitengo cha vifaa. Wakaniambia zamu ya mgonjwa wetu imefika, tuje kuchukua mashine. Wiki tano kamili, hawakupitisha hata siku. Nilicheka pale kwenye korido mpaka muuguzi akaja kunishika mkono, na hakikuwa kicheko. Nikafundishwa kuifunga: barakoa inakaa puani, mikanda miwili, mmoja juu ya sikio mmoja chini, mpira unaingia hapa, swichi hii. Nikatia sahihi nimeipokea. Ndiyo ile niliyorudishwa nayo kaunta.

Kuhusu mahabusu nasema yafuatayo. Mdogo wangu amelala humo mara mbili. Asubuhi hii niliruhusiwa kumwona dakika tano, akaniambia wenzake wanamsimamisha ukutani asilale, kwa sababu ya kelele. Askari wa kaunta naye akaniambia, kwa utani, kwamba ndugu yako hatupi hata lepe la usingizi, tunamsikia mpaka huku mbele. Nilimwambia na namwambia afande anayeandika: mkimsikia anakoroma, yu hai. Mkiacha kumsikia, ndipo muende mbio. Yule askari aliacha kucheka. Naona ni wa kwanza kuacha kucheka bila kuonyeshwa majibu ya daktari.

Nimeulizwa nataka nini. Sitaki aachiwe leo, kesi iende mahakamani na iende na wote. Aende yeye aliyelala, aende Chapchap aliyeikunja barua, na nikitakiwa mimi niliyeandika nyundo niende, jina langu liko kwenye kila mstari. Msimtoe kafara mtu mmoja kwa sababu ndiye aliyekuwa juu na anaonekana. Lakini huko mahakamani ni siku nyingine. Leo nataka alale akiwa na mashine. Mkimlaza tena bila hii, mkaja mkamkuta kama tulivyomkuta baba, msiniambie amepata kifo chepesi.

Afande amesema mahabusu hakuna soketi. Nimemwonyesha ile iliyo nyuma yake, iliyochomekwa birika la chai.

Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyafanya kwa mikono yangu. Nimeyasema nikiwa na akili timamu na hasira timamu. Nimesomewa, nimesahihisha mahali pawili, na sina cha kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa) Saa 7:35 mchana

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA

Mimi, koplo wa zamu ya mchana, nathibitisha kuwa maelezo haya niliyaandika kwa mkono wangu kama shahidi alivyoyatoa, bila kumlazimisha wala kumwahidi kitu. Vielelezo vilivyopokelewa: daftari la stoo, moja, video kwenye simu, imenakiliwa, nyundo ya kilo moja, moja.

Shahidi alikataa kutia sahihi maelezo yake mpaka mimi nitie sahihi kwanza kwenye daftari lake. Nilipomweleza kuwa daftari limeshakuwa kielelezo, alisema basi kielelezo kiwe na ukweli wote. Nimesaini ukurasa wa 91. Alivyoandika ni hivi: "Mashine ya kupumulia, 1, na barakoa yake. Kazi: asife." Mkuu wa kituo ameona na ameruhusu. Msimamizi wa zamu wa kiwanda ameitwa kuja kuandika maelezo upya kesho saa 2:00 asubuhi.

Mtuhumiwa alitolewa mahabusu saa 8:10 mchana chini ya ulinzi, akalazwa kwenye benchi nyuma ya kaunta, kwa ubavu. Birika limechomolewa. Shahidi alimfunga barakoa mwenyewe na akabaki amekaa miguuni pake. Mtuhumiwa alipata usingizi saa 8:25. Hakukoroma.

Kwa kuwa shahidi alisema tukiacha kumsikia twende mbio, nimekwenda mara tatu. Anapumua.